Kisafishaji cha Mfumo wa Dizeli: Uwezo Wake, Mipaka Yake na Namna ya Kukitumia

Kisafishaji cha mfumo wa dizeli ni kimiminika chenye kemikali za kulegeza na kuondoa ukoko, ambacho humiminwa kwenye tangi la mafuta au hupitishwa moja kwa moja kwenye pampu na injekta, kwa lengo la kurudisha unyunyizaji wa mafuta katika hali aliyoikusudia mtengenezaji wa injini. Katika maduka ya spea ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, na katika yale ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, vimiminika hivi huuzwa kwa majina mengi na ahadi nyingi: kupunguza moshi, kuongeza nguvu, kuokoa mafuta na kurefusha maisha ya injini. Wanunuzi wake ni watu ambao riziki yao imefungamana na injini ya dizeli: mwenye lori, dereva wa basi, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mkulima mwenye trekta au pampu ya umwagiliaji, na msimamizi wa jenereta ya hospitali. Kwa watu hao kosa la kununua kimiminika kisichofaa halimalizikii kwenye bei ya chupa, kwa kuwa linaweza kuchelewesha matengenezo ya lazima mpaka hitilafu ndogo igeuke kuwa gharama kubwa.

Hoja inayojengwa katika uchambuzi huu ni kwamba kisafishaji kina kazi ya kweli, lakini kazi hiyo ni ya aina moja tu, nayo ni kuondoa au kuzuia ukoko na utando unaotokana na mafuta yenyewe. Hakiondoi maji, hakirekebishi chuma kilicholika, wala hakigeuzi mafuta yaliyochakachuliwa kuwa mafuta safi. Kwa hiyo uchaguzi wake unapaswa kutanguliwa na mambo matatu, ambayo ni utambuzi wa hitilafu, udhibiti wa maji na hali ya filta; na anayeruka hatua hizo hununua matumaini badala ya suluhisho.

Kwa nini mfumo wa dizeli hauvumilii uchafu

Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche kama ilivyo injini ya petroli. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka joto lake linatosha kuwasha mafuta yanayonyunyizwa ndani yake, na kwa sababu hiyo ubora wa mwako hutegemea sana namna mafuta yanavyotoka kwenye nozeli, yaani ncha ya injekta yenye matundu madogo. Mafuta yakitoka kama ukungu laini, kila tone hupata hewa ya kutosha na kuungua kikamilifu. Yakitoka kama mchirizi, sehemu yake huungua nusunusu na kutoka kama moshi mweusi, na sehemu nyingine hupiga ukuta wa silinda na kuosha oili inayolainisha ringi za pistoni. Tundu lililozibwa kidogo tu na ukoko linatosha kubadilisha umbo la ukungu huo.

Mifumo ya dizeli iliyopo barabarani katika Afrika Mashariki ni hasa ya vizazi viwili. Kizazi cha kwanza ni cha pampu ya kimekanika, ambayo husukuma mafuta kwa zamu kwenye kila injekta, na nozeli hufunguka kwa presha ya kati ya mara 100 na 250 ya hewa ya kawaida. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo imetumika kwa miaka mingi katika safari za vijijini na mbugani, ni mfano unaojulikana wa kizazi hiki. Kizazi cha pili ni kile ambacho mafundi hukiita komoni reli: pampu moja hujaza bomba nene kwa mafuta yenye presha kubwa wakati wote, na kompyuta ya injini huamuru kila injekta ifunguke na kufunga kwa umeme. Denso ya Japani iliuingiza mfumo huu kwenye malori mwaka 1995, na mwaka 1997 ule wa Bosch ukawekwa kwenye gari dogo la Alfa Romeo 156. Mifumo ya kwanza ya magari madogo ilifanya kazi kwa presha ya zaidi ya mara 1,300 ya hewa ya kawaida, ilhali ya sasa hupita mara 2,000 na baadhi yake hufikia mara 2,500. Hilux na Prado zenye injini ya 1KD ni za kundi hili.

Tofauti kati ya vizazi hivi ina uzito mkubwa katika suala la usafi. Ndani ya injekta ya komoni reli nafasi kati ya sindano na ala yake ni mikromita chache tu, na mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Matundu ya nozeli ya magari madogo nayo huwa na kipenyo cha karibu sehemu ya kumi ya milimita. Sindano hufunguka mara kadhaa katika mzunguko mmoja wa mwako, na mafuta yenyewe ndiyo yanayoilainisha. Pampu ya kimekanika huweza kustahimili uchafu kwa muda mrefu kabla ya kulalamika, lakini injekta ya komoni reli huharibiwa na chembe ndogo isiyoonekana kwa macho, na bei ya injekta moja mpya huweza kuzidi kipato cha mwezi mzima cha dereva. Kwa hiyo ushauri uliofaa kwa lori la zamani haufai kuhamishiwa kwenye gari jipya bila kufikiriwa upya.

Uchafu si wa aina moja

Makosa mengi katika matumizi ya visafishaji huanzia kwenye dhana kwamba uchafu wote wa mfumo wa mafuta ni kitu kimoja. Kwa kweli kuna angalau aina tano, na kila moja ina chanzo chake na tiba yake.

Aina ya kwanza ni maji. Huingia kupitia matangi ya ardhini yanayovuja, mapipa yaliyoachwa nje wakati wa mvua, na unyevunyevu wa hewa unaoingia ndani ya tangi lisilojaa, ambao hugeuka matone wakati wa ubaridi wa usiku. Kiwango cha dizeli cha Ulaya, EN 590, huruhusu maji yasiyozidi miligramu 200 katika kilo moja ya mafuta, kiasi ambacho ni kidogo mno kuonekana kama tabaka. Maji yanayozidi hapo hukaa chini ya tangi kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, huleta kutu, na yakifika kwenye injekta yenye joto na presha kubwa hugeuka mvuke ghafla na kuweza kuipasua ncha ya nozeli.

Aina ya pili ni vumbi, kutu na chembe ngumu. Hizi husaga chuma, na chuma kilichosagwa hakirudishwi na kemikali yoyote. Kinga yake ni filta, yaani chujio la mafuta. Filta za mifumo ya kisasa hutengenezwa ili kuzuia chembe za mikromita 4 au 5, na ndiyo maana filta ya bei rahisi isiyo na kiwango hicho ni hatari iliyojificha.

Aina ya tatu ni viumbe hai. Kuvu na bakteria, hususan kuvu inayojulikana kitaalamu kama Hormoconis resinae, huishi katika mpaka kati ya maji na dizeli, ambapo hupata maji chini na chakula juu. Joto la pwani na la nyanda za chini huwafaa sana, nao hujenga ute mweusi au wa kahawia unaoziba filta mara kwa mara. Matangi ya jenereta zinazowashwa umeme unapokatika tu, ambayo mafuta yake hukaa miezi mingi bila kusogea, ndiyo yaliyo katika hatari kubwa zaidi.

Aina ya nne ni ukoko wa nje wa nozeli. Ncha ya injekta iko ndani ya chumba cha moto, na mabaki ya mafuta yanayobaki kwenye matundu yake huungua na kugeuka kaboni ngumu. Metali zilizoyeyuka kwenye mafuta, hasa zinki na shaba, huharakisha ujengekaji wa ukoko huu hata zikiwa kwa kiasi cha miligramu moja kwa kilo. Hapa kuna somo la moja kwa moja kwa wanaohifadhi dizeli: tangi la bati lililopakwa zinki, au bomba la shaba, huchafua mafuta taratibu ingawa kwa macho yanaonekana safi.

Aina ya tano ni utando wa ndani ya injekta, ambao ulijulikana zaidi baada ya presha na joto la mifumo ya komoni reli kuongezeka. Utando huu hujengeka juu ya sindano na vali ndogo zilizo mbali na moto. Aina moja yake ni kama sabuni ya chumvi za sodiamu, ambazo hutokana na chumvi ya maji ya bahari au kemikali za kuzuia kutu kwenye mabomba na matangi. Nyingine ni kama vanishi ya rangi ya kahawia, ambayo hutokana na mafuta yaliyozeeka au na viongezi visivyo na ubora. Unene wa mikromita chache unatosha kuifanya sindano igande, na injini ikagoma kuwaka asubuhi au ikawa inatetema bila sababu inayoonekana.

Kati ya aina hizi tano, kisafishaji kina uwezo wa kweli juu ya ya nne na ya tano peke yake. Maji hutolewa kwa kufungua kizibo cha chini cha filta au cha tangi. Chembe huzuiwa na filta. Na viumbe hai huhitaji kiuavijidudu maalumu cha mafuta, kikifuatiwa na kusafisha tangi, kwa kuwa kuvu iliyokufa nayo huziba filta kama ile iliyo hai.

Kilichomo ndani ya chupa

Kiini cha kisafishaji kizuri ni kemikali ya kuondoa uchafu yenye molekuli za pande mbili: kichwa kinachopenda kushika uchafu na chuma, na mkia mrefu unaopenda kuyeyuka ndani ya mafuta. Kama sabuni inavyoing'oa grisi kwenye sufuria na kuifanya ielee ndani ya maji, vichwa vya molekuli hizi huzingira chembe za ukoko, na mikia yake huzibeba ndani ya dizeli mpaka ziungue pamoja nayo. Vichwa vingine hushika uso wa chuma na kufanya tabaka jembamba linaloukinga dhidi ya ukoko mpya. Kwa hiyo kemikali ileile hufanya kazi mbili tofauti, ya kuzuia na ya kuondoa, na ya pili huhitaji kiasi kikubwa zaidi kuliko ya kwanza.

Kwa miongo mingi kemikali iliyotumika zaidi ilikuwa suksinimidi ya poliisobutilini, ambayo hufanya kazi vizuri juu ya nozeli za pampu za kimekanika. Kwa komoni reli zilibuniwa kemikali zenye nguvu zaidi, hasa chumvi za amoniamu za aina ya kwatenari, ambazo huweza kuondoa hata utando wa ndani ya injekta. Uzoefu wa watengenezaji umeonyesha pia jambo la kuonya: suksinimidi zilizotengenezwa vibaya, zenye molekuli fupi, zimekuwa zenyewe chanzo cha ule utando wa kahawia. Kwa maneno mengine, kisafishaji hafifu kinaweza kuleta tatizo ambalo mnunuzi alitaka kulimaliza.

Mbali na kemikali hiyo, chupa huweza kuwa na viongezi vingine ambavyo havisafishi chochote. Kipandisha seteni, ambacho mara nyingi ni nitrati ya ethilihekisili, huyafanya mafuta yawake upesi yanapoingia kwenye silinda, na hivyo kupunguza mlio wa kugonga na kurahisisha uwashaji; namba ya seteni ndiyo kipimo cha wepesi huo, na EN 590 hutaka isipungue 51. Kilainishi hupunguza msuguano ndani ya pampu. Kizuia kutu hukinga chuma, na kitenganisha maji huyafanya maji yaliyotawanyika yaungane na kuzama ili yatolewe. Kuna bidhaa zinazofanya kinyume cha hilo: huyachanganya maji na mafuta ili yapite kwenye filta na kuungua, na nyingi kati yake hutumia alkoholi. Kwa komoni reli njia hiyo haifai, kwa sababu maji yaliyofichwa ndani ya mafuta ndiyo yanayofika kwenye ncha ya injekta, na alkoholi yenyewe hupunguza ulainishaji na kuathiri mipira ya mfumo.

Suala la ulainishaji linastahili maelezo zaidi kwa sababu ya mabadiliko yaliyofanyika katika ukanda huu. Mwezi Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kilo, hatua iliyokuwa na manufaa makubwa kwa hewa ya miji. Mchakato wa kuondoa salfa huondoa pia baadhi ya vitu vinavyoipa dizeli ulaini wake wa asili, na kwa hiyo viongezi vya kulainisha hurudishwa kabla ya mafuta kufika sokoni. Kipimo cha ulainishaji hufanywa kwa kusugua kipira cha chuma ndani ya mafuta yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi, na alama ya mkwaruzo haipaswi kuzidi mikromita 460. Mafuta halali yanayotimiza kipimo hiki hayahitaji kuongezewa oili ya pikipiki wala ya giaboksi, desturi ambayo bado inaendelea katika gereji nyingi. Oili za injini na za giaboksi hazikutengenezwa kupita kwenye injekta, na metali zilizomo katika baadhi yake hubaki kama majivu, ambayo huziba kichujio cha masizi katika magari yenye kifaa hicho kwenye bomba la moshi.

Utambuzi hutangulia ununuzi

Dalili za injekta chafu hufanana na dalili za hitilafu nyingine nyingi. Moshi mweusi huweza kutokana na nozeli iliyoziba, lakini pia na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi au bomba la turbo linalovuja. Moshi mweupe huashiria mafuta yasiyoungua, ambayo sababu yake inaweza kuwa injekta, mgandamizo hafifu wa silinda au plagi za kupasha moto zilizokufa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na kisafishaji cha dizeli hakina uwezo wowote juu yake. Aidha, masizi yanayojaa kwenye njia ya kuingizia hewa na kwenye vali ya kurudishia moshi hayaguswi na kimiminika kilichowekwa kwenye tangi, kwa kuwa mafuta ya dizeli hayapiti huko.

Kigezo cha kwanza cha kutofautisha ni kasi ya kujitokeza kwa tatizo. Ukoko hujengeka taratibu, na hivyo nguvu hupungua na ulaji wa mafuta huongezeka kwa miezi kadhaa. Hitilafu iliyotokea ghafla baada ya kujaza mafuta kituoni huelekeza kwenye maji au mafuta yaliyochanganywa. Kigezo cha pili ni vipimo. Katika komoni reli fundi huweza kusoma kwa mashine ya uchunguzi kiasi ambacho kompyuta inakisahihisha kwa kila injekta, na huweza pia kupima mafuta yanayorudi kutoka kila injekta kwa kuunganisha vichupa kwenye mabomba ya kurudishia mafuta. Injekta inayorudisha mafuta mengi kuliko zile nyingine imelika ndani, na haiponywi na kisafishaji. Katika pampu za kimekanika, nozeli hupelekwa kwa fundi wa pampu, ambaye huangalia kwa macho kama ukungu unatoka vizuri na kama ncha inadondosha mafuta.

Tahadhari moja haiwezi kuachwa. Mafundi wengi walijifunza kutafuta silinda isiyofanya kazi kwa kulegeza nati ya bomba la injekta huku injini ikiunguruma. Katika mfumo wa komoni reli kitendo hicho ni hatari kwa maisha, kwa sababu mafuta yanayotoka kwa presha kubwa ya mfumo huo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo huweza kumfanya mtu apoteze mkono.

Vigezo vya uchaguzi

Utambuzi ukionyesha kwamba tatizo ni ukoko, au kwamba mwenye chombo anataka kuuzuia, uchaguzi wa bidhaa unaweza kufanywa kwa vigezo vinavyopimika badala ya rangi ya chupa. Cha kwanza ni ushahidi wa majaribio. Ulaya ina majaribio mawili yanayotambulika katika tasnia hii: CEC F-23-01, linalotumia injini ya Peugeot ya zamani ya XUD9 na kupima upungufu wa mafuta yanayopita kwenye nozeli, na CEC F-98-08, linalotumia injini ya Peugeot ya komoni reli ya DW10, ambamo mafuta huongezewa zinki kwa makusudi ili ukoko ujengeke upesi, kisha upotevu wa nguvu hupimwa. Bidhaa inayotaja jaribio la kwanza pekee imethibitishwa kwa injini za kizazi cha zamani. Mwenye komoni reli anapaswa kutafuta inayotaja la pili, au lile jipya zaidi la CEC F-110-16, linalohusu utando wa ndani ya injekta.

Kigezo cha pili ni kama bidhaa inadai kuzuia, kuondoa au vyote viwili, na kwa kiasi gani kwa kila kazi. Cha tatu ni yasiyopaswa kuwemo: alkoholi, metali zinazobakiza majivu, na vimumunyisho vyepesi vinavyoshusha kiwango cha joto ambalo mvuke wa dizeli huweza kushika moto. Cha nne ni maelekezo ya mtengenezaji wa gari. Baadhi hukataza viongezi vyote na wengine huruhusu vilivyoidhinishwa nao tu, na gari likiwa bado kwenye dhamana, kukiuka maelekezo hayo kunaweza kuifuta dhamana hiyo. Cha tano ni bei kwa kila lita ya dizeli inayotibiwa. Chupa ya mililita 500 inayotosha lita 250 za dizeli humaanisha mililita 2 kwa lita, na tangi la lita 70 huhitaji mililita 140. Chupa ya mililita 300 inayotosha lita 60 tu ni ndogo kwa umbo na huenda ikawa ghali kwa matumizi, ingawa bei yake dukani iko chini.

Hatua za matumizi

Kabla ya kumimina chochote, maji hutolewa kwenye filta na tangi hukaguliwa. Kipimo rahisi ni kuchukua mafuta kutoka chini ya tangi, kuyaweka kwenye chupa safi ya kioo na kuyaacha yatulie. Dizeli nzuri hung'aa na kuonyesha upande wa pili, ilhali yenye maji huwa na ukungu au hutengana matabaka. Tangi lenye tope au ute linapaswa kufunguliwa na kuoshwa kwanza, kwa kuwa kisafishaji kikali kitalegeza uchafu huo kwa pamoja na kuuziba mfumo safarini. Kunyonya mafuta kwa mdomo kupitia mpira, desturi iliyozoeleka mahali pengi, hakukubaliki, kwa sababu dizeli ikiingia kwenye mapafu huleta homa kali ya mapafu inayoweza kuua.

Baada ya hapo kipimo kilichoelekezwa humiminwa kwenye tangi kabla ya kujaza mafuta, ili mafuta yanayoingia yachanganye kimiminika vizuri. Kuzidisha kipimo hakuharakishi kazi. Kemikali iliyozidi yenyewe huweza kuacha utando. Gari kisha huendeshwa safari ndefu yenye mzigo, kwa kuwa joto na mtiririko mkubwa wa mafuta husaidia kung'oa ukoko kuliko foleni za mjini. Filta ya akiba inapaswa kuwemo garini, na filta iliyopo hubadilishwa mara tangi lililotibiwa linapokwisha, iwapo mfumo ulikuwa umechafuka kwa muda mrefu. Bidhaa mbili tofauti hazichanganywi katika tangi moja, kwa kuwa viongezi vya kampuni tofauti huweza kuathiriana na kufanya mashapo.

Njia ya kujaza filta mpya kwa kisafishaji kisichochanganywa, ambayo gereji nyingi huipenda kwa kuwa matokeo yake husikika upesi, inahitaji uangalifu. Katika pampu nyingi za kimekanika njia hiyo inaweza kuvumilika, lakini katika komoni reli kimiminika kinachomiminwa upande wa ndani wa filta huingia kwenye pampu bila kuchujwa, na pampu hukosa ulainishaji wa kutosha katika dakika za mwanzo. Iliyo salama zaidi kwa injekta zilizoganda ni kuzipeleka kwa fundi mwenye meza ya majaribio, akazifungua, akazisafisha kwa mawimbi ya sauti na kuzipima upya. Hatua hiyo ni ghali kuliko chupa, lakini hutoa jibu la uhakika.

Matokeo hupimwa kwa hesabu. Tangi hujazwa hadi juu, kilomita husomwa, na baada ya safari hujazwa tena hadi juu. Lita zilizoingia zikigawanywa kwa kilomita zilizosafiriwa huonyesha ulaji halisi. Ulinganisho wa matangi mawili kabla ya matibabu na mawili baada yake, katika njia ileile na mzigo unaofanana, unatosha kumwambia mwenye chombo kama fedha yake imefanya kazi. Iwapo hakuna badiliko baada ya matangi mawili, hitimisho la haki ni kwamba tatizo si ukoko, na chupa ya tatu haitaleta jibu ambalo mbili za kwanza zimeshindwa kulitoa. Palipo na badiliko, kipimo kidogo cha kuzuia kikitumika kwa utaratibu ni bora kuliko kipimo kikali kinachotumika baada ya miaka ya kusahau.

Mpaka wa wajibu wa mwenye chombo

Sehemu ya tatizo hili iko nje ya uwezo wa mtu mmoja mmoja. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hupunguza unato na ulainishaji, na hakuna kisafishaji kinachoweza kuyatenganisha tena. Serikali zimekiri ukweli huo kwa vitendo. Nchini Tanzania Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha mwaka 2010 uwekaji wa vinasaba, yaani alama za kemikali, katika mafuta ili kuwagundua wachakachuaji, na katika mwaka wa fedha wa 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuchanganya itoweke. Kenya ilichukua njia hiyo mwaka 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hatua hizi ziliwagusa pia maskini waliotegemea mafuta hayo kwa taa na jiko, na kwa hiyo ukali wake unapaswa kuambatana na ukaguzi wa kweli wa vituo, la sivyo mnyonge atalipa mara mbili, kwanza jikoni na kisha kwenye nauli.

Soko la visafishaji lenyewe halijapewa uangalifu unaolingana na madhara yake. Mafuta hupimwa bandarini na kutiwa vinasaba, lakini kimiminika kinachoingizwa ndani ya mafuta hayo na mnunuzi mwenyewe mara nyingi huuzwa kwa chupa yenye maandishi asiyoweza kuyasoma, bila kutaja jaribio lolote wala kuonyesha kama kinafaa komoni reli. Mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, yana mamlaka juu ya bidhaa zinazoingia sokoni, na lebo ya Kiswahili inayotaja kipimo kwa lita, aina ya injini, jaribio lililofaulu na tahadhari za kiafya ni sharti lisilo na gharama kubwa kwa mwagizaji mwaminifu. Mpaka sharti hilo litakapowekwa na kusimamiwa, mwenye chombo anayo kanuni moja ya kumlinda: fedha ya kwanza iende kwenye mafuta ya kituo kinachotoa risiti, ya pili kwenye filta halisi, ya tatu kwa fundi anayepima kabla ya kufungua, na kisafishaji kinunuliwe kwa kile kitakachobaki, kwa sababu iliyothibitishwa na kwa kipimo kilichoandikwa.